Meza ipi? Kusitisha mapigano, mkataba kamili au hakimu

Kijiweni kwetu Ujiji, vita vyovyote vikitajwa redioni kuna sentensi moja inayotoka kabla kahawa haijapoa: wakae mezani wayamalize. Wazee wanaisema, muuza kahawa anaisema huku akigonganisha vikombe vyake, nami nimeisema darasani mara nyingi mno. Mwaka jana, kwenye mdahalo wa wanafunzi wangu wa Historia, upande uliounga mkono hoja ulimaliza kwa maneno hayo, na upande uliopinga ukamaliza kwa maneno hayohayo. Mwenyekiti akashindwa kumtaja mshindi kwa sababu hapakuwa na ubishi wa kuamua. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimewaacha waamini kwamba meza ni moja.

Muhula huu nimewapa zoezi. Nchi mbili, tuziite Mashariki na Magharibi, zimepigania bonde lenye mto kwa miaka miwili. Hakuna aliyeshinda, hazina zote mbili zimekauka, na nchi ya tatu imejitolea kuwakutanisha. Kabla ya kufungua mdomo, wajumbe wanatakiwa wachague wanakwenda kufanya nini: kusitisha mapigano tu na kuacha mengine, kufunga mkataba kamili wa amani, au kumkabidhi hakimu ugomvi wao na kuahidi kufuata atakachosema. Haya ni maelezo niliyowaandalia. Nimeyatanua kidogo ili yamfae na mwingine yeyote anayefundisha somo hili, au anayependa kubishana.

Kipimo changu nimekitoa Kibirizi, bandari yetu ndogo ya maboti. Mtu wa Kigoma husoma mikataba ya nchi jirani kwa kutazama maboti. Yakiingia yamejaa watu waliobeba magodoro na sufuria, mkataba haujashika, hata kama picha za kupeana mikono zilipendeza. Yakitoka yamejaa watu na mabati ya kuezekea, kuna kitu kimekaa sawa huko ng'ambo. Kwa hiyo kwa kila mfano nitauliza: miaka kumi baada ya saini, watu wa mpakani walikuwa wanalala wapi?

Sisi wenyewe tuliwahi kuwekwa mezani

Wabelgiji waliingia Kigoma Julai 1916 wakitokea Kongo, na Septemba wakaichukua Tabora. Vita vilipokwisha Ulaya, mwezi Mei 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikaa wakagawana Afrika Mashariki ya Mjerumani. Ruanda-Urundi ikaenda kwa Mbelgiji, sehemu kubwa iliyobaki ikaenda kwa Mwingereza, nasi tukiwa ndani yake. Mbelgiji hakuondoka Kigoma mikono mitupu. Kwa mkataba wa Machi 1921 alipewa eneo la bandari hapa na jingine Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, milele. Faranga moja! Kwa bei hiyo leo hupati hata pa kusimamisha mwavuli wa kuuzia vocha pale Mwanga. Mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni, Nyerere aliliambia Bunge kwamba Tanganyika haiwezi kufungwa na upangishaji wa milele uliotolewa na mtawala ambaye yeye mwenyewe hakuwa na umilele wowote katika nchi hii.

Hakuna Muha wala Mmanyema aliyeitwa kwenye meza ile. Asiyekuwepo na lake halipo. Naomba methali hiyo ikae karibu, maana itahitajika.

Meza ya kwanza: nyamazisheni bunduki, mengine baadaye

Mfano wake mkubwa ni Korea. Vita vilianza Juni 1950, na kufikia katikati ya 1951 majeshi yalikuwa yamekwama karibu na pale vilipoanzia. Mazungumzo yakafunguliwa Kaesong tarehe 10 Julai 1951, kisha yakahamia Panmunjom. Wanafunzi wangu hudhani watu wakishakaa mezani risasi zinanyamaza. Wapi! Walikaa vikao 158 kwa muda wa miaka miwili na ushei, na muda wote huo vijana waliendelea kufa wakigombea vilima vilivyojulikana kwa namba tu. Sababu yenyewe ilikuwa mezani: ilishakubalika kwamba mstari utafuata pale majeshi yatakapokuwa yamesimama, basi kila upande ukataka kilima kimoja zaidi kabla wino haujakauka. Anayeandika sharti kama hilo ajue amewapa makamanda sababu ya kupigana mpaka dakika ya mwisho.

Kilichowakwamisha kuliko ardhi ni mateka wa vita. Desturi ilikuwa vita vikiisha kila mateka arudishwe kwao. Marekani na wenzake wakasema asiyetaka kurudi asilazimishwe. China na Korea Kaskazini wakakataa kabisa, kwa kuwa askari wao wengi walioshikwa walikuwa wanasema hawarudi, na hiyo ni aibu isiyofunikika. Hoja hiyo moja ilikula zaidi ya mwaka. Ilipokaribia kumalizika, Rais Syngman Rhee wa Korea Kusini, ambaye hakutaka vita viishie katikati, akawafungulia milango mateka zaidi ya 25,000 wa Kikaskazini usiku mmoja wa Juni 1953 ili avuruge mambo. Hayakuvurugika. Tarehe 27 Julai 1953 hati ikatiwa saini na majenerali. Korea Kusini haikusaini, na mpaka leo haijasaini. Mkutano wa siasa uliotakiwa kufuata ulifanyika Geneva mwaka 1954 na haukuzaa kitu, kwa hiyo mkataba wa amani haupo. Kuna ukanda usio na jeshi wenye upana wa kilomita 4 uliopasua rasi nzima, bahari hadi bahari.

Sasa nipime. Mkazi wa Seoul amelala kwake kwa zaidi ya miaka 70. Mji uliobadilisha mikono mara nne katika mwaka mmoja umekuwa ulivyo leo chini ya karatasi iliyokusudiwa kuwa ya muda tu. Heri nusu shari kuliko shari kamili, na hapa nusu shari imezaa matunda makubwa. Lakini ndugu waliotenganishwa na ule ukanda wengi wamekufa bila kuonana tena. Na hati ile haijasimama kwa nguvu zake. Miezi michache baada yake Marekani ilisaini mkataba wa ulinzi na Korea Kusini, na askari wake wako kule hadi leo. Anayechagua meza hii ananunua kufuli pamoja na mlinzi wa kulipwa kila mwezi. Kama Mashariki na Magharibi hawana wa kumlipa mlinzi, kufuli hilo litavunjwa.

Iran na Iraq ni mfano wa pili, nitaupitia upesi. Walipigana miaka minane, Khomeini, kiongozi wa Iran, akakubali Azimio 598 la Baraza la Usalama huku akifananisha kukubali huko na kunywa sumu, na bunduki zikanyamaza tarehe 20 Agosti 1988, majeshi yakiwa karibu na pale yalipokuwa mwaka 1980. Kinachonichekesha, kama kuchekesha ndilo neno, ni kwamba Saddam Hussein wa Iraq aliingia vitani baada ya kuutupa mkataba wa mpaka wa Algiers wa 1975. Agosti 1990, alipoivamia Kuwait na kuhitaji askari wake upande mwingine, akaukubali tena mkataba uleule.

Meza ya pili: kila kitu kwa mkupuo

Misri na Israel zilikuwa zimepigana mara nne tangu 1948. Septemba 1978 Rais Jimmy Carter wa Marekani aliwaita Anwar Sadat wa Misri na Menachem Begin wa Israel kwenye mapumziko ya marais wa Marekani huko Camp David, akawafungia huko siku 13. Ukizisoma siku hizo utaona kwamba picha ya wakubwa wawili wakitazamana mezani haikuwepo. Baada ya siku za mwanzo Carter aliacha kuwakutanisha, maana kila wakionana walichokozana. Timu yake ikaandika rasimu moja, ikaipeleka kwa huyu asahihishe, ikaipeleka kwa yule, ikairudisha, zaidi ya mara ishirini. Wenyewe husema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji ndiye aliyewaponya wageni kwa kutowakalisha pamoja.

Mkataba wa amani wenyewe ulisainiwa Washington tarehe 26 Machi 1979. Ulisimama kwa sababu kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake alikitaka kuliko yeye. Israel ilikuwa na jangwa la Sinai iliyolitwaa 1967. Misri ilikuwa na kitu kisichopimwa kwa ekari: uwezo wa kujitoa katika vita ambavyo Waarabu wengine wasingeviweza bila yeye. Sinai ikarudishwa kwa awamu hadi tarehe 25 Aprili 1982, ikagawanywa kwa kanda zinazotaja kila upande uweke askari wangapi na silaha gani, na kikosi cha kimataifa kikawekwa kuhesabu. Marekani ikamimina misaada pande zote mbili. Amani hii ilikuwa ghali, tusidanganyane.

Kuna kipande kimoja ninachokipenda zaidi kwa sababu kila Mtanzania aliyewahi kugombea kiwanja atakielewa. Siku ya kukabidhi, Taba haikukabidhiwa, kieneo kidogo cha ufukweni, kwa sababu walibishana bikoni za mpaka wa zamani zilisimama wapi hasa. Badala ya kuchafua mkataba mzima, walikiacha kieneo hicho pembeni, wakakipeleka kwa wasuluhishi, wakangoja. Uamuzi ukatoka 1988, na Taba ikarudi Misri Machi 1989. Miaka karibu saba kwa ajili ya bikoni, na hakuna risasi iliyopigwa.

Upande wa pili wa shilingi: Misri ilisimamishwa uanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu kwa miaka kumi, na Sadat aliuawa na askari wake mwenyewe tarehe 6 Oktoba 1981 akiwa kwenye gwaride. Na Wapalestina, ambao nusu ya makubaliano ya Camp David iliwahusu, hawakuwepo chumbani. Nusu inayohusu Misri inasimama hadi leo. Ile yao, sihitaji kueleza.

Karibu na nyumbani tuna mkataba wa bei nafuu. Septemba 1972 wakimbizi wa Uganda waliokuwa Tanzania walivuka mpaka kumshambulia Idi Amin, Amin akajibu kwa kudondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Siad Barre, rais wa Somalia, akazikutanisha pande mbili, na Mkataba wa Mogadishu ukasainiwa tarehe 5 Oktoba 1972: majeshi yarudi nyuma kilomita 10 kutoka mpakani, na asiwepo wa kuwasaidia maadui wa mwenzake. Wiki chache tu, shwari. Lakini linganisheni na Sinai. Mogadishu hapakuwa na aliyepewa kitu cha kumfanya authamini mkataba. Ilikuwa ahadi ya kuacha kufanya, na kila mmoja alibaki na kinyongo chake kamili. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera, na Novemba Nyerere akatangaza kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga anavyo. Viongozi wengine wa Afrika walijaribu kusuluhisha. Nyerere alitaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani mvamizi kwanza, haukufanya hivyo, na Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979 bila meza yoyote. Mwanafunzi akiniuliza kama ilikuwa sahihi, namwambia hilo ni somo la kipindi kingine. Kwa leo inatosha kuona kwamba mkataba wa kilomita 10 ulidumu miaka sita.

Paris 1973 naitaja kwa tahadhari tu. Marekani na Vietnam Kaskazini walibishana hata umbo la meza kabla ya kuanza, wakasaini tarehe 27 Januari 1973, na askari wa Kaskazini wakaachwa walipo ndani ya Kusini. Ulikuwa mkataba wa mkubwa mmoja kuondoka kwa heshima. Saigon ikaanguka Aprili 1975. Mkisaini mkataba, ulizeni kama mnamaliza vita au mnamsindikiza mtu kituo cha basi.

Meza ya tatu: hakimu aseme

Hapa ndipo wanafunzi wangu wote walikimbilia. Hakimu ni haki, hakimu hana upande, basi.

Ethiopia na Eritrea zilianza kupigana Mei 1998 kwa ajili ya Badme, kijiji ambacho wengi wetu tusingekisikia maishani. Makumi ya maelfu wakafa, katika mahandaki ya mtindo wa Vita Kuu ya Kwanza. Juni 2000 wakasitisha mapigano, na tarehe 12 Desemba 2000, huko Algiers, Isaias Afwerki wa Eritrea na Meles Zenawi wa Ethiopia wakasaini mkataba mzuri kwa kila kipimo cha mwanasheria. Tume ya mpaka ya watu watano: kila nchi inateua wawili, hao wanne wanamchagua mwenyekiti. Uamuzi ni wa mwisho na unafunga pande zote. Tume nyingine ya madai ya fidia. Ukanda wa kilomita 25 ndani ya Eritrea chini ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa.

Tarehe 13 Aprili 2002 tume ikatoa uamuzi, na Badme ikaangukia Eritrea. Ethiopia, yenye jeshi kubwa zaidi na iliyokuwa imekishika kijiji chenyewe, ikakataa kutoka. Eritrea ikaanza kuwabana walinda amani hadi 2008 wakaondoka. Tume ilipozuiwa kusimika bikoni ardhini, ikaandika nukta za mpaka kwenye ramani na kufunga ofisi: bikoni za karatasi! Hata fidia ilikuwa kama mzaha, kwani mwaka 2009 Ethiopia ilitunukiwa takriban dola milioni 174 na Eritrea takriban milioni 163, karibu zifutane. Vijana wa Eritrea waliendelea kushikiliwa jeshini bila kikomo kwa sababu iliyotajwa kila mwaka kuwa ni hiyo hali ya mpaka, na wengi wakakimbia nchi. Miezi kumi na sita ya kuamua, miaka kumi na sita ya kukubali: Juni 2018 ndipo Ethiopia ilitangaza kuupokea uamuzi, na Julai Abiy Ahmed, waziri mkuu wake, akatua Asmara, mji mkuu wa Eritrea.

Kosa liko wapi? Hakimu hakukosea. Yeyote aliyewahi kushinda kesi ya shamba kwenye baraza la ardhi, kisha akamkuta aliyeshindwa bado analima palepale, analijua. Hukumu inahitaji mtu wa kuitekeleza, na kati ya nchi na nchi hakuna dalali wa mahakama.

Lakini msimtupe hakimu bado. Burkina Faso na Mali zilikuwa na kesi ya ukanda wa Agacher mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki zilipoingia vitani siku ya Krismasi 1985. Siku tano zikawatosha. Mahakama ikawaambia watulie, na Desemba 1986 ikaligawa eneo karibu nusu kwa nusu, wote wakakubali. Nusu kwa nusu husaidia sana. Hakuna anayerudi nyumbani kupigwa mawe.

Na kuna Peru na Ecuador, ambazo ningependa kila kikundi kizisome mara mbili. Walipigana Januari na Februari 1995 msituni, kwenye milima ya mpaka ambao haukuwahi kukamilishwa tangu itifaki ya 1942. Nchi nne zilizodhamini itifaki hiyo, Argentina, Brazil, Chile na Marekani, ziliwasitishia mapigano mwezi huohuo wa Februari, zikatuma waangalizi, kisha zikakaa nao miaka mitatu. Walipokwama kwenye kipande cha mwisho, wadhamini wakasema: tutawapa pendekezo, lakini kwanza mabunge yenu yote mawili yapige kura kulikubali kabla ya kuliona. Yakapiga. Tarehe 26 Oktoba 1998 huko Brasilia ikasainiwa hivi: mpaka unafuata kilele cha milima, kama Peru ilivyodai. Ila Tiwinza, mahali ambapo askari wa Ecuador walipigana na kuzikwa, kilomita moja ya mraba, Ecuador ipewe kuimiliki kama mtu anavyomiliki kiwanja ndani ya nchi ya mwenzake. Si ardhi ya Ecuador. Lakini mama wa askari anaweza kuambiwa mwanao hakufia mahali pa wengine. Ecuador ikapewa pia haki ya kusafiri kibiashara hadi Amazon. Tangu hapo hawajapigana.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Kwa muda: Panmunjom ilichukua miaka miwili kupata kusitisha tu. Camp David, siku 13 za kupata msingi, miezi sita ya mkataba, miaka mitatu ya kukabidhi, kumi ya kumaliza. Algiers, miezi sita ya mkataba na miaka mingi ya kutoutekeleza. Anayekwambia hakimu ni njia ya mkato anauza kitu.

Kwa kiongozi anayesaini: meza ya kwanza ni salama kwake, haachii chochote rasmi, anaweza kuwaambia watu wake kwamba bado wanadai. Meza ya pili inaweza kumuua. Ya tatu inampa mtu wa kumlaumu, na hiyo ni faida kubwa kuliko wanafunzi wanavyodhani: si mimi niliyetoa ardhi, ni wazungu wa The Hague.

Na kwa gharama: zote zinahitaji mtu wa tatu mwenye fedha au bunduki au subira. Peru na Ecuador walitumia subira zaidi kuliko fedha. Ndiyo sababu nawapendekeza kwa nchi maskini.

"Na Kongo je, Mwalimu?"

Hili liliulizwa kijiweni, na mzee aliyeuliza ana haki ya kuuliza maana ng'ambo ya pili ana shemeji Kalemie. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuondoka, meli yetu ya Liemba ilirudisha makumi ya maelfu ya wakimbizi. Watu na mabati, kwa kipimo changu, amani. Agosti 1998 vita vikaanza upya na magodoro yakarudi. Ndiyo maana nasema ngojeni miaka kumi kabla ya kupima.

Julai 1999 huko Lusaka nchi sita zilisaini kusitisha mapigano: Kongo, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Waasi walisaini baadaye mwezi Agosti, kundi moja likichelewa kwa kugombania nani ashike kalamu. Mwaka 2002 Rwanda ikaahidi huko Pretoria, na Uganda huko Luanda, kuondoa majeshi yao, na majeshi rasmi yakaondoka. Hakimu naye alifika: mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda, na 2022 ikapanga fidia ya dola milioni 325, kwa awamu tano. Yaani Kongo imezijaribu meza zote tatu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996 na ingali na Wakongomani.

Jibu nililompa mzee ni kwamba nchi zikisaini, zinasaini kwa niaba ya majeshi yaliyo na sare. Kivu imejaa bunduki zisizo na sare wala kiti mezani. Hata Juni 2025, mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda waliposaini Washington, waasi wa M23, waliokuwa wameishika Goma tangu Januari, hawakuwa sehemu ya hati hiyo. Wao walikuwa na mazungumzo yao Doha. Mzee akamaliza kahawa yake akasema, "Basi, mwanangu, hiyo ni meza ya nne." Sikuwa na la kuongeza.

Kwa bonde letu la mfano

Kama kwenye ugomvi wenu kuna makundi yenye silaha ambayo serikali haziyatawali, ondoeni zoezi hili kabisa, tafuteni jingine. Kama mnagombana kuhusu nani atawale nchi nzima, kama Korea, chukueni kufuli na mtafute wa kumlipa mlinzi. Kama mmoja ana ardhi na mwenzake ana kitu kingine cha thamani, iwe maji, bandari au utambuzi, nendeni Camp David, na mtenge kipande kigumu kwa wasuluhishi kama Taba.

Lakini bonde la Mashariki na Magharibi ni ugomvi wa mstari. Ningechagua hakimu, kwa mpangilio huu: bunduki zinyamaze kwanza, waangalizi wafike, mabunge yote mawili yajifunge kwa kura kabla bahasha ya uamuzi haijafunguliwa, na atakayeshindwa apewe kitu cha kuonyesha nyumbani. Hapa siwi mwamuzi asiye na upande. Mwanafunzi anayechagua kufuli namwelewa. Anayechagua hakimu mtupu, bila kura ya bunge na bila Tiwinza, nitampunguzia alama.

Jumamosi iliyopita tulifanya jaribio la kwanza, darasani, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Kikundi cha Magharibi kilikuja na karatasi iliyopangwa vizuri kuhusu kura ya mabunge. Kiongozi wa Mashariki, binti wa kidato cha tatu kutoka Gungu, akaisoma hadi mwisho, akaikunja, akairudisha mezani.

"Bunge letu haliwezi kukubali bahasha ambayo halijui yaliyomo," akasema. "Nyinyi ndio mmelishika bonde. Mkikataa baadaye, nani atawatoa?"

Wakabishana hadi kengele ya chakula, na mwenyekiti hakupata nafasi ya kusema neno.